Chini ya Gari la Mwalimu

Gari lilianguka saa mbili asubuhi, Jumamosi, na halikumuua fundi kwa sababu moja tu: alikuwa amejivuta nje kutafuta spana namba kumi na saba. Anayetaka sababu kubwa zaidi ya hiyo na aitafute mwenyewe. Spana ilikuwa pale sakafuni, mkono wa fundi umeielekea, na kifua chake kilikuwa kimetoka chini ya giaboksi muda mfupi sana uliopita, pengine wa kupiga chafya mbili.

Hakukuwa na kishindo kikubwa kama majirani walivyosimulia baadaye. Tofali la kushoto lilitoa mlio mkavu, likapasuka, na upande mzima wa mbele ukashuka. Magurudumu ya mbele yalikuwa yameshafunguliwa, kwa hiyo kilichogonga saruji kilikuwa diski ya breki. Mke wa fundi alikuwa mlangoni amevaa sare ya kazi, anafunga kitambaa kichwani. Alikimbia. Alimkuta mumewe amelala chali, macho yamemtoka, mguu mmoja wa ovaroli umebanwa chini ya diski.

"Mguu?"

"Upo. Nguo tu ndiyo imekamatwa."

"Uchezeshe nione."

Akauchezesha. Mkewe akamfungua vifungo kimoja kimoja, akamshika makwapani na kumvuta mpaka akatoka ndani ya ovaroli, ovaroli yenyewe ikibaki chini ya gari. Ndivyo fundi alivyojikuta amesimama katikati ya uwanja wake, mbele ya vichwa vitatu vya majirani vilivyokwisha kuota juu ya ukuta, akiwa na fulana yenye matundu na chupi ya bluu. Mama yake mzazi, aliyekuwa anaanika nguo, alimrushia shuka bichi ajifunge.

"Leo nimevuliwa nguo na gari la kufundishia," fundi alisema kwa sauti ya kusikika ukutani. "Halijahitimu, hilo."

Majirani wakacheka. Yeye akacheka zaidi yao, na mkewe, aliyekuwa bado amemshika mkono, aliusikia mkono ule ukitetemeka wakati kinywa kinacheka.

Mwenye gari akaingia katikati ya kicheko hicho. Alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, na gari lake lilikuwa na kibao juu ya paa kilichoandikwa MWANAFUNZI kwa herufi nyekundu. Alitazama tofali lililopasuka, akatazama diski, akatazama shuka.

"Jamani! Gari limeumia?"

Mwalimu akachuchumaa mwenyewe na kupitisha kidole kwenye diski, kwa upole, mtu angedhani anamshika mtoto mwenye homa.

"Pole yake," alisema mke wa fundi.

"Ah, shemeji, poleni nyote. Nimeuliza gari kwa sababu fundi namwona amesimama."

Shida ya gari ilikuwa klachi. Klachi za magari ya kujifunzia huliwa upesi, kwa kuwa kila anayejifunza huikanyaga kama anaua mende. Kuibadili lazima giaboksi ishushwe, na kuishusha lazima mtu alale chini yake saa nyingi. Mwalimu alikuwa na wanafunzi sita wa kutahiniwa Jumatatu, na alitaka gari Jumapili asubuhi wafanye mazoezi. Alisema hivyo akiwa bado amechuchumaa. Kisha akasema, bila ukali wowote, kwamba kama haiwezekani atalivuta mpaka gereji kubwa ya barabarani, na akilivuta hilo itabidi na yale mengine mawili ya shule yaende hukohuko. Hawezi kuwa na mafundi wawili.

Fundi hakuwa na kibao wala geti la kuandikwa jina. Alikuwa na uwanja nyuma ya nyumba, ukanda wa saruji alioumwaga kwa mikono yake, jeki moja ya chupa, na sifa. Magari matatu ya shule ya udereva yalikuwa karibu nusu ya kazi zake za mwaka. Kila mtu uwanjani alilijua hilo, na mwalimu kuliko wote.

"Kesho asubuhi litakuwa tayari," fundi alisema.

Akaenda kwenye rundo la matofali pembeni ya choo, shuka kiunoni. Hapo alifanya jambo alilolifanya kila mara, jambo alilofundishwa na fundi aliyemfundisha: alinyanyua tofali mpaka usawa wa goti, akaliachia. Puu! Tofali likatua zima. Akalipiga teke kidogo, akaridhika.

"Hili limepita mtihani. Lile la asubuhi lilikuwa na mdudu."

Mkewe alikuwa ameokota vipande vya lile la asubuhi. Kazi yake ilikuwa kupima magunia kwenye ghala la nafaka, na wapagazi wa huko walimpa jina la Mizani, kwa kuwa hakuwahi kukubali kilo hata moja ya kubahatisha. Aligeuza vipande viwili polepole. Palipopasukia pale palikuwa na rangi mbili. Sehemu ya juu ilikuwa nyeupe, safi, mpasuko wa leo. Sehemu ya chini ilikuwa nyeusi kwa oili na vumbi la siku nyingi.

"Na hili ulilipa mtihani?"

"Matofali yangu yote yamepita."

"Basi ndipo lilipopasukia. Unaliangusha ulijaribu, linapata ufa kwa ndani, halafu unaliamini kuliko mengine. Tazama. Huku chini lilipasuka zamani."

Majirani hawakushuka ukutani. Utamu ndio kwanza ulikuwa unaanza.

"Mama watoto," fundi alisema taratibu, "nenda kazini. Utachelewa."

"Nitakwenda. Lakini gari halinyanyuliwi tena kwenye uwanja huu juu ya tofali."

"Sasa linyanyuliwe juu ya nini? Juu ya mikono yako?"

"Juu ya stendi. Stendi za chuma, kama mafundi wengine."

"Mafundi wengine wana sakafu za vigae na kalenda ukutani! Mimi nikinunua stendi leo, kesho mtaa mzima utasema nimeingiwa na woga."

Mama mkwe akaingilia, pini za kuanikia zikiwa kinywani. "Mwanangu amelala chini ya magari tangu hujaolewa humu ndani. Usimtie nuksi."

Mke wa fundi hakumjibu mama mkwe, kwa sababu adabu ni adabu. Alitembea mpaka kwenye jeki, akachomoa mpini wake, akautia kwenye mkoba wa kazini. Mpini ulikuwa mrefu kuliko mkoba, ukabaki umechomoza nje nusu nzima.

"Wewe! Huo ni mpini wangu."

"Na wewe ni mume wangu," alisema, akatoka.

*

Ghalani kulikuwa na sheria moja ambayo hata mlevi aliijua: mzigo ukiwa unaning'inia kwenye winchi, hapiti mtu chini yake. Hata kama umefungwa kwa minyororo miwili, hata kama aliyeufunga ni babu yako. Winchi kazi yake kunyanyua, si kulinda watu. Na aliyewapigia wapagazi kelele kuhusu sheria hiyo, kila siku, kwa miaka kumi na moja, alikuwa yeye.

Asubuhi ile mpagazi mmoja alikatiza chini ya mzigo akiwahi kivuli. Mizani alifungua mdomo amfokee kama kawaida. Badala yake akamwona machoni mumewe, kwenye fulana yake ya matundu. Gari lile lilikuwa tani moja, na tani moja ni magunia kumi ya kilo mia. Alikuwa amewahi kuona gunia moja tu likimwangukia mtu mguuni, na mguu ule haukurudi kuwa mguu. Miaka yote hiyo alikuwa analinda vichwa vya watu baki huku nyumbani mwenye nyumba analala chini ya magunia kumi yaliyoshikiliwa na mchanga na saruji ya bei rahisi. Alikuwa anampelekea chai hukohuko chini. Alikuwa anakipitisha kikombe kwa mkono wake mwenyewe.

Aliona aibu, kisha akaona hasira, na hasira ikamfaa zaidi.

"Mizani, leo umekuja na fimbo?" wapagazi walimtania kwa ule mpini. "Utatuchapa?"

"Atakayepita chini ya mzigo, ndiyo," alisema. Saa saba, ghala lilipofungwa, alikuwa wa kwanza kutoka.

*

Duka la vipuri lilikuwa jembamba, lina harufu ya mpira mpya, na muuzaji wake alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani aliyoipandisha kichwani asiishushe hata mara moja. Alimwona mteja wa kike mwenye mpini wa jeki, akatabasamu.

"Karibu mama. Jeki imekufa? Ninayo hii hapa, tani ishirini. Inanyanyua lori. Ukiwa na hii huhitaji kitu kingine."

"Sitaki cha kunyanyulia. Cha kunyanyulia tunacho. Nataka cha kushikilia."

"Mama, jeki ya tani ishirini inashikilia pia."

"Jeki inasimama kwa oili. Mpira wake wa ndani ukichoka, inashuka. Haijalishi ni ya tani ishirini au mia. Nataka stendi, mbili, zinazolingana."

Muuzaji akashusha kutoka rafuni stendi mbili nyekundu, zinang'aa, nyepesi. Bei yake ilikuwa nafuu. Aliziweka juu ya kaunta kwa madaha. Mke wa fundi akazipindua miguu juu, akaanza kuzikagua kama alivyozoea kukagua magunia yaliyoshonwa upya.

"Hapa palipochomelewa pamepakwa rangi nene. Ukucha unaingia. Na hii pini ya kufungia mbona nyembamba? Penseli ya mwanangu inaishinda."

"Tani tatu hiyo, mama. Imeandikwa."

"Tani tatu kila moja, au zote mbili kwa pamoja?"

Muuzaji hakuwahi kuulizwa swali hilo. Ilibidi hatimaye ashushe miwani. Alisoma karatasi iliyobandikwa, midomo ikicheza, akafika chini kwenye maandishi madogo.

"Kwa jozi."

"Kwa hiyo moja ni tani na nusu, ikiwa karatasi inasema kweli. Wewe ungelala chini yake?"

"Mimi nauza tu, mama. Silali." Akacheka. Mteja hakucheka. "Basi, kwa nini usimlete mzee mwenyewe achague? Hivi ni vitu vya kiume."

Kulikuwa na wateja wengine wawili, wote wanaume, na wote wakainamisha macho kwenye plagi na mikanda ili wasionekane wanatabasamu. Jino la nyuma la mke wa fundi, lililomsumbua wiki mbili, lilichagua wakati huohuo kupiga.

"Mzee mwenyewe akifa," alisema, "atakayekuwa mjane ni nani? Wewe?"

Tabasamu zikaisha. Akaendelea kuangaza macho dukani. Nyuma ya kaunta, karibu na sakafu, kulikuwa na ubao mnene uliopangwa betri za malori, safu mbili, na chini ya ubao huo, huku na huku, aliona miguu minne minne ya chuma cheusi, kinene, kilichojaa vumbi.

"Zile je?"

"Zile siuzi, mama. Zimeshikilia betri."

"Ndiyo maana nazitaka. Zimeshikilia tangu lini?"

"Tangu duka lifunguliwe. Mwaka wa tisa huu."

Alihesabu betri. Thelathini. Betri ya lori ni kilo arobaini na ushei, na hesabu hiyo haikumchukua muda: zaidi ya tani moja. Akapiga magoti pale dukani na sare yake, akafuta vumbi kwa kidole. Kila mguu ulikuwa umechomelewa pande zote mbili. Pini yake ilikuwa na unene wa kidole gumba. Na uzito inaoweza kubeba ulikuwa umegongwa kwenye chuma chenyewe, karatasi haikuwapo: tani mbili, kila moja.

"Toa bei."

Muuzaji alitaja bei ya kumfukuza. Ilimfikia, lakini haikumfukuza. Alikuwa na hela ya kwenda kung'oa jino. Aliitoa, akaongeza ya wiki nzima ya sokoni, akaziweka kaunta. Kisha akakunja mikono ya sare na kuanza kuteremsha betri mwenyewe, moja baada ya nyingine, mpaka muuzaji akaona haya na kuja kumsaidia.

*

Alirudi saa tisa na stendi moja kila mkono, mabega yanamuuma, watu njiani wakimpisha. Alipoingia uwanjani akaona kilichomfanya azitue chini kwa kishindo.

Gari lilikuwa juu. Kushoto tofali, kulia tofali. Jeki imewekwa pembeni na kipande cha bomba la maji kimechomekwa mahali pa mpini, kwa sababu fundi hakosi njia. Katikati, chini ya pua ya gari, ilitoka miguu miwili iliyovaa ovaroli nyingine. Mwalimu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anatazama saa yake. Mama mkwe alikuwa kwenye kizingiti cha jiko, mikono imelala mapajani, na tangu asubuhi alikuwa hajamaliza kuanika nguo.

"Shemeji karibu," mwalimu alisema. "Kazi inaenda. Bado bolti mbili tu."

"Toka," mke wa fundi aliiambia ile miguu. "Nimeleta stendi."

"Nikimaliza," sauti ya mumewe ilijibu. "Siwezi kuanza upya saa hizi. Ziweke hapo, tutazitumia gari lijalo."

"Baba watoto, toka."

"Mwalimu anasubiri!"

Mwalimu akatikisa kichwa kwa huzuni ya kirafiki. "Fundi, kumbe nyumbani una bosi? Hukuniambia."

Mke wa fundi alimtazama mwalimu. Alitazama stendi. Halafu akavua viatu, akavipanga vizuri, akalala chali juu ya saruji na sare yake ya kazi, akajisukuma kwa visigino mpaka akawa chini ya gari kando ya mumewe.

"Unafanya nini? Wewe, una wazimu?"

"Nakuja kukaa na mume wangu. Kama tofali linakutosha wewe, litanitosha na mimi."

Alikuwa hajawahi kufika huko. Chuma kilikuwa karibu na pua yake kuliko alivyodhania miaka yote. Hakuweza hata kugeuza kichwa bila kugusa kitu. Kulinuka oili na jasho. Aliogopa, lakini hakujisogeza.

"Kila siku unakaa hapa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Kila siku."

"Mbona hukuniambia pako hivi?"

Spana ilikuwa imetulia mkononi mwake. Mkewe akazungusha macho upande wa kushoto, lilikokuwa tofali lililopita mtihani wa asubuhi, na akaliona. Mstari mwembamba, unaanzia chini, umepanda umefika katikati.

"Tazama tofali lako."

Akatazama. "Ni mchirizi wa oili."

"Oili haipandi juu."

Walibaki wamelala, mabega yamegusana, wote wawili wanautazama mstari ule. Wakati huo miguu ya tatu ikatokea mbele ya gari, miembamba, ina nyufa visiginoni. Magoti yakalia. Mama mkwe alikuwa anapiga magoti.

"Sogeeni huko," alisema.

"Mama, unafanya nini?"

"Nimekaa kutwa nzima nakuona kwenye ile chupi ya bluu. Nimeshindwa hata kumeza mate. Nimekuzaa mwenyewe, utanikataza mahali unapolala? Sogea nipate nafasi." Na kichwa chake kikainama kuingia.

"Mama, usiingie! Rudi nyuma! Mwalimu, mzuie mama!"

"Kwa nini nisiingie?"

"Litaanguka!" fundi alipiga kelele. "Mama, hili gari litaanguka!"

Vichwa vilikuwa vimerudi juu ya ukuta. Mama mkwe alibaki kwa magoti na mikono.

"Haya," alisema. "Umesema mwenyewe. Mtoe mwenzio hapo."

Walitoka polepole, mke kwanza, bila kugusa chochote. Fundi aliposimama alikuwa ameloa jasho usoni, na hakutafuta mzaha wa kuurushia ukuta. Mkewe alichomoa mpini mkobani akampa. Fundi akairudisha jeki chini ya gari, akauchomeka mpini na kuusukuma akiwa amekaa pembeni, mbali, mkono umenyooshwa. Gari lilipopanda upana wa kidole na uzito kutoka juu ya tofali la kushoto, tofali lenyewe likaachana vipande viwili na kulala chini, bila mtu kuligusa.

Mwalimu aliinuka kutoka kwenye ndoo yake. Alitazama vile vipande. Lakini saa ilikuwa bado mkononi mwake, na mazoea ni mazoea.

"Sawa, tumshukuru Mungu. Ila fundi, sasa ndiyo unaanza upya? Muda, ndugu yangu. Au uoga umekushika kweli?"

Fundi alikuwa amepiga magoti, anachagua mahali pa kuweka stendi. Aligusa chesisi, kiunzi cha chini cha gari, kwa vidole, akapita sehemu nyembamba ya bati, akafika penye chuma kinene. Hakuinua kichwa.

"Ndiyo, naogopa," alisema. "Liandike kwenye kibao chako cha juu, pale penye MWANAFUNZI. Andika FUNDI MWOGA. Wewe si unawafundisha watu kufunga mkanda? Unawaambia wafunge siku watakayogonga tu?"

"Hilo ni tofauti."

"Tofauti yake niambie."

"Naweza kulivuta nikalipeleka barabarani," mwalimu alisema, kidogo kwa unyonge.

"Livute," mke wa fundi alisema. "Halina magurudumu ya mbele, giaboksi inaning'inia kwa bolti mbili. Kamba tunayo, tutakuazima."

Ukutani mtu alicheka, akanyamazishwa na mwenzake. Mwalimu akarudi kukaa kwenye ndoo.

Kazi ilichukua muda wake. Magurudumu ya nyuma yaliwekewa mawe mbele na nyuma, breki ya mkono ikavutwa. Stendi ya kushoto, stendi ya kulia, pini zote mbili tundu la tatu, na mkewe akayahesabu matundu mara mbili kwa kuwa hesabu ndiyo kazi yake. Fundi akafungua jeki kidogokidogo. Gari likashuka, likazikalia stendi, likatulia. Jeki ikawa haina kazi, akaitoa.

"Sasa tunalisukuma," mkewe alisema. "Kabla hujaingia. Wote."

Fundi akaweka mikono kwenye ubavu wa mbele wa gari. Mkewe akaweka yake. Mama mkwe akaweka viganja vyake viwili vikavu kwenye mlango. Wote watatu wakageuka kumtazama mwalimu, na mwalimu, kwa kukosa pa kuficha uso, akainuka na kuja. Akalisukuma gari lake kwa ncha za vidole, kama mtu anayehofia kuchafua shati.

"Siyo hivyo," mke wa fundi alimwambia. "Sukuma kama mtu anayetaka kumuua mume wangu."

Mwalimu alimtazama. Uso wake ulibadilika rangi. Alitoa kalamu mfukoni, akaziweka juu ya ndoo, akarudi, akaegemeza bega lake kwenye gari na kusukuma kwa nguvu zake zote mpaka viatu vikateleza juu ya saruji. Gari halikutikisika.

"Tena," alisema mama mkwe.

Akasukuma tena. Kisha akasimama, anahema, shati lake lina alama nyeusi begani, na hakulifuta.

Fundi akalala chali, akaingia. Baada ya muda ikasikika spana ikikamata bolti, na bolti ikaanza kulegea. Mwalimu alisimama karibu na mke wa fundi kwa muda mrefu bila kutazama saa.

"Shemeji," alisema hatimaye, "Jumatano nilitaka kulileta la pili. Nalo mtalichukulia muda wote huu?"

Mke wa fundi alifungua mdomo ajibu, lakini sauti iliyotoka ilitoka chini ya gari.

"Muda huuhuu."